Choo Kilichojaa Juu ya Changarawe

Sefu alikuwa akila samaki kwa mikono miwili Inspekta Odile Limengo aliposhuka ufukoni, na hakuacha kula kwa ajili yake. Kazi yake ilikuwa kupokea nauli kwenye baleinière, ile mashua ndefu ya mbao inayoteremka mto hadi Basoko. Midomo yake iling'aa mafuta ya mawese. Nzi walitua juu ya samaki, wakahamia juu ya vidole vyake, naye hakuwafukuza.

"Mama inspecteur, karibu. Utakula?"

"Nilishakula. Rudilia ile maneno uliambia famille ya Yunus."

"Lakini nilishasema." Sefu alivunja kichwa cha samaki, akakifyonza. "Kisha Idi kupita, Yunus alipanda baleinière yetu. Alikuwa anaenda Basoko kwa mwanamuke mwengine. Mu njia akasema mbele yangu: Leila nimemuacha, nimemuacha, nimemuacha. Mara tatu. Donc, mi niko shahidi."

"Alikaa wapi?"

"Mbele, pa kivuli."

"Akifanya nini?"

"Alikuwa anasoma Kurani yake ya kidogo, mpaka jua ikaingia. Mutu wa Mungu kabisa."

Odile alitoa miwani mfukoni na kuishika mbele ya uso wake. Vioo vyake vilikuwa vinene kama kitako cha chupa, na mkono mmoja ulikuwa umefungwa kwa uzi mweusi. Yunus alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulijua kwamba bila miwani hiyo hakuweza kutofautisha sindano na msumari. Odile aliikuta juu ya cherehani yake, mahali alipokuwa akiiweka kila akiinuka kwenda kula.

"Alisoma na macho ya nani?"

Sefu alitema mfupa karibu na kiatu cha Odile. "Pengine alikuwa na ingine."

"Hakuwa nayo."

"Mama, wazee walishaniamini. Hiyo miwani haina kinywa." Akacheka, mdomo wazi, samaki aliyetafunwa akionekana juu ya ulimi. "Uliza Moussa. Mi nilisema yangu."

Odile alirudisha miwani mfukoni. Kisha alimwashiria brigadia wake, Eddy, wakapanda kutoka ufukoni.

"Chef," Eddy alisema, "yule anadanganya mpaka samaki anaona haya."

"Uongo yake iko na wazee nyuma yake, Eddy. Ukweli yetu haina mwili."

Hapo ndipo kesi ilipokwama. Yunus alionekana mara ya mwisho jioni ya kuamkia siku ya pili ya Idi, akiwa na kaka yake Moussa. Hakimu wa mashtaka alikuwa amemwambia Odile wazi kwamba mtu asiyeonekana si mtu aliyekufa. Kama hayuko Basoko, huenda yuko Yahuma au Bengamisa. Wakati huohuo wazee wa ukoo walikuwa wamepanga kukutana alasiri hiyo katika kiwanja cha familia. Wakiipokea talaka ile kama Sefu alivyoieleza, Leila angetoka na watoto wake kabla ya jua kuzama, na kiwanja kingebaki mkononi mwa Moussa. Njia ya kuuvunja ushahidi wa Sefu ilikuwa moja tu. Kama Yunus hakupanda mashua, hakuna aliyemsikia akimwacha mke ndani yake.

Kiwanja chenyewe kilikuwa juu ya kijito cha Lindoko. Zamani sana kijito hicho kilikuwa na nguvu kuliko sasa. Kilibeba mawe, kikayaviringisha, kikayarundika kando, kisha kikazidi kuchimba njia yake chini. Yale kiliyoyaacha yalibaki yameinuka kama kidato cha ngazi: kokoto za mviringo, nyingine ndogo kama chikichi, nyingine kama mayai, zimeshikana na mchanga mwekundu wa chembe kubwa. Ukipiga jembe hapo linalia. Mihogo haistawi. Lakini mvua ikinyesha, watoto wa juu huenda shule na soksi nyeupe, wakati wale wa bondeni hubeba viatu mkononi. Bondeni ni udongo wa mfinyanzi, wa kijivu, mzito, unaonata mguuni, na wafyatua matofali hushinda humo mchana kutwa.

Changarawe hiyo ilikuwa na wateja. Isaïe, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi aliyetoka Butembo, alitaka kununua kiwanja chote aichimbe. Moussa alikubali, Yunus alikataa. Kwa sababu hiyo Odile alimshuku Isaïe kwanza, mpaka alipothibitisha kwamba wiki ile yote alikuwa kwao akimzika mama yake, na parokia nzima ilimwona kando ya jeneza.

Leila aliwapokea mlangoni mwa jiko, mwanamke mwembamba, macho makavu. Alikuwa akiosha sahani.

"Mulimupata Sefu?"

"Tulimupata. Anashikilia maneno yake."

"Maneno yake iko ya kulipiwa," alisema Leila kwa dharau, kisha akajirudi. "Mama inspecteur, mi sijalia bado. Nikilia, watasema ninalilia mwanaume aliniacha. Munitafutie Yunus. Kama alikufa, nitakaa eda yangu mu nyumba yangu, na watoto wa baba yao wabaki kwa baba yao. Sitaki kingine."

Akamwaga maji ya sahani uani. Yalitawanyika juu ya kokoto, na kabla ndoo haijarudi chini, yalikuwa yamekwisha kuzama. Halikubaki hata tope la kuku kunywea. Odile aliangalia mahali pale kwa muda.

Moussa alitokea kabla hawajaketi. Harufu yake ndiyo iliyotangulia: udi na marashi, mazito, kama ya mtu aliyejimwagia chupa nzima. Kanzu yake ilikuwa nyeupe pepe. Alikuwa amekaa miaka mingi mtaa wa chini, kwa mke wake, akarudi kiwanjani kwa wazazi mwaka uliopita tu.

"Madame inspecteur, tena! Bon, hapa ni kwenu sasa. Leo unatafuta nini? Chini ya kitanda ya mama ulishaangalia."

"Ulichimba kitu hapa nyuma, papa Moussa."

"WC mupya. Ni kosa?" Alicheka, akamgeukia Eddy. "Kaka, Serikali inatuma mwanamuke kuchungulia mahali watu wanachuchumaa. Bwana yake anajua?"

"Bwana yake ni fundi bomba," Eddy alijibu. "Anachungulia zaidi ya yeye."

Moussa aliacha kucheka. Akawapeleka.

Tangu asubuhi Odile alikuwa na wazo moja: shimo jipya, uchimbaji mpya, mtu aliyepotea. Shimo lilikuwa nyuma ya nyumba, limezungushiwa mabati, na lilikuwa limetumika siku chache tu. Eddy alivua koti, akashusha mti mrefu, akakoroga kilichokuwa chini huku akipumua kwa mdomo. Mti uligonga mawe pande zote. Akapiga tena na tena, akapandisha ncha, akaifuta kwa majani huku akiapa kwa Kilingala.

"Hakuna kitu, chef. Ni mawe tu, na ile nilitarajia kupata."

"Mwaga maji."

"Maji?"

"Ndoo mbili."

Eddy akamwaga. Odile aliwasha taa ya simu na kuinama, kitambaa puani. Maji yalizunguka uchafu, yakaumeza kidogo, yakanywea. Eddy alikuwa hajamaliza kulalamika na chini palikuwa pakavu tena.

"Kama kumwaga mu kitunga," alisema.

"Munaona?" Moussa akapanua mikono. "Chimbeni popote. Mi sina siri."

Odile alizima taa ya simu. Alikuwa ameugeukia mgomba mchanga uliosimama hatua chache kutoka hapo, juu ya kifusi cha kokoto. Alikuwa ameupita mara mbili katika ziara zake bila kusimama. Yeye alizaliwa mtaa wa chini, kwenye mfinyanzi. Huko choo hujaa, kila familia inakifukia, inapanda mgomba juu yake na kuchimba kingine kando. Viwanja vyao vilikuwa vimejaa migomba ya namna hiyo, na hakuna aliyeiuliza habari.

"Hapa ni WC ya zamani?"

"Ndiyo. Ilijaa. Nikaifunga, nikapanda ndizi, kama watu wote wanafanya."

"Ilijaa," Odile alirudia.

"Ilijaa mpaka juu. Uliza nyumba yote."

Hakuuliza nyumba yote. Alivuka uzio kwa jirani wa kulia, akaomba ruhusa, akamulika choo chao. Kisha kwa jirani wa kushoto. Kisha kwa wa nyuma yake, ambaye choo chake kilikuwa cha zamani kuliko nyumba. Kila mahali aliinama juu ya tundu, akavumilia mvuke ule wa moto usoni na mende waliokimbia mikononi mwake, akaangalia chini. Kila mahali aliona kitu kilekile: shimo refu, kavu, na chini kabisa uchafu kidogo juu ya mawe. Alirudi amekunja uso, akanawa mikono mara tatu kwa sabuni ya Leila, akaendelea kuinusa.

Mama wa Moussa na Yunus, Mama Binti, alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani. Macho yake yalikuwa na ukungu. Alitambua watu kwa sauti.

"Mama, ile WC ya zamani, nani aliichimba?"

"Hemedi, baba ya bwana yangu. Mi niliolewa, niliikuta."

"Ilishajaa mara ngapi?"

Bibi alishangaa. "Ijae? Ile ilikuwa haina mwisho, mwanangu. Ukitupa jiwe, unangoja. Hata mvua ya kugonga bati, asubuhi kavu. Ni kisha Idi ndio iliharibika. Maji ilianza kusimama. Ikapanda, ikapanda, funza zikatoka mpaka pa kukanyaga. Nilisema, ni nini hii? Moussa akasema, mama, kila kitu inazeeka."

"Na kabla ya maji kusimama, mulitia kitu ndani? Mulijenga?"

"Hapana."

Leila, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliweka sahani chini. "Udongo," alisema.

"Udongo gani?"

"Shemeji Moussa alileta udongo ya bondeni, ya kijivu. Brouette nyingi, ile ya gurudumu moja. Alisema ni ya kukandika jiko ya mama. Asubuhi ya Idi pili niliamuka, lundo haiko tena. Nikafikiri alikandika."

Odile aliliangalia jiko. Ukuta ulikuwa na nyufa za kupitisha kidole, na fito zilionekana. Hapakuwa na hata kiganja kimoja cha udongo mpya juu yake. Aliinama kwenye kona ya ua aliyoonyeshwa na Leila, akakwangua kokoto kwa ncha ya kiatu. Chini yake, katikati ya mchanga mwekundu, kulikuwa na utando wa kijivu, laini, umekauka na kupasuka. Akaumwagia maji kwa kikombe. Maji yalisimama juu yake, yanang'aa.

"Eddy. Ita wale askari wawili. Na majembe."

Moussa alisimama mbele ya mgomba. "Haiwezekani. Wazee wanakuja kisha alasiri. Utafungua uchafu mbele ya watu wakubwa?"

"Papa Moussa, hapa WC haijai. Ya jirani haijai. Yako mupya haijai. Ile ya babu haikujaa maisha yote ya mama yako, halafu ikajaa kisha Idi, na ndugu yako akapotea kisha Idi. Chini yake kuko kitu kinaziba mawe."

"Ni uzee!"

"Mawe haizeeki. Toka hapo."

Wazee walifika wakati mgomba umekwisha kung'olewa. Walikuwa watano, kofia safi, fimbo mkononi. Mkubwa wao, mzee Hemedi mdogo, ndugu wa marehemu baba, aliuliza kama hii ndiyo heshima ya kuwapokea. Kisha upepo ukageuka, wakarudi nyuma wote pamoja, mikono ya kanzu puani.

Chini ya kifusi cha kokoto kulikuwa na maji. Yalikuwa yamesimama humo siku zote hizo, meusi, yamechacha, na juu yake gamba linalotembea. Askari walipotia ndoo, gamba lilipasuka na funza wakamiminika juu ya ukingo kama mchele uliomwagika. Askari mmoja aliacha kamba, akakimbilia uzio. Eddy alichukua nafasi yake. Walichota, wakamwaga bondeni, wakachota tena, na kila ndoo ilipopanda harufu ilibadilika. Mwanzo ilikuwa harufu ya choo, ambayo kila mtu anaijua, kisha ikawa tamu. Utamu huo ulikwama kooni mwa Odile na haukushuka kwa kumeza mate. Nyuma yake marashi ya Moussa yalichanganyika na harufu hiyo, naye akahisi angependa kumwamuru avue ile kanzu aitupe.

"Jembe haigongi mawe," Eddy alisema kutoka chini, kitambaa kimefunga pua na mdomo. "Inanata."

"Pandisha nione."

Kwenye jembe kulikuwa na bonge la mfinyanzi wa kijivu, safi, limeshindiliwa hadi likang'aa. Juu ya kidato hicho cha changarawe hapakuwa na sababu yoyote ya udongo huo kuwa shimoni, isipokuwa mtu alikuwa ameuleta.

Chini ya mfinyanzi kulikuwa na turubai la buluu. Walilitoa kwa kamba, likiteleza na kuvuja, wakalilaza uani. Odile ndiye aliyelifungua, kwa kisu, upande wa kichwa kwanza. Udongo ulikuwa umemhifadhi kuliko alivyotarajia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nyuma ya kichwa mfupa ulikuwa umeingia ndani. Shati lilikuwa la Idi, na Leila alitazama pindo la mkono tu.

"Nilimutilia uzi mu sindano," alisema. "Ya hii shati. Ni mimi."

Mzee mmoja alianza kusoma dua. Odile alisimama, mikono yake mbali na mwili wake, akamkabili Moussa, ambaye Eddy alikuwa amekwisha kumshika.

"Udongo ilikuwa ya nini?"

Moussa alitazama mikono ya kanzu yake.

"Turubai ingetosha. Kwa nini ulileta udongo?"

"Harufu," Moussa alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kawaida. "Mawe inapitisha harufu. Ingefika kwa jirani."

"Uliwaza harufu, hukuwaza maji."

"Nilimusukuma tu. Alikataa kuuza. Tulikuwa tunagombana, akaanguka juu ya jiwe ya kunolea. Nilikuwa nifanye nini?"

"Kulia," Odile alisema. "Kuita watu. Hiyo ndiyo ulikuwa ufanye."

Mama Binti alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwona akiinuka. Alikuja ameshika ukuta, kisha akauacha ukuta, akafuata sauti ya mwanawe.

"Moussa. Alikuwa mule tangu Idi?"

"Mama, rudi ndani."

"Mi nilikuwa naenda mule. Asubuhi na magaribi. Sioni njia, wewe ndiye ulikuwa unanishika mukono. Unanifikisha, unasema, mama, kanyaga hapa." Alinyoosha kiganja chake mbele, akakiangalia kama mtu anayeweza kuona. "Mukono hii. Ulinishika hii mukono, ukanichuchumalisha juu ya mutoto wangu."

Eddy alimwachia Moussa kwa askari, akaenda kando ya uzio, akatapika. Odile alikaza meno. Alikuwa amemwona mtu aliyekatwa kwa panga na mtoto aliyetolewa mtoni, na hakuwahi kutema mate mbele ya mshukiwa. Safari hii alitema, karibu na makobazi safi ya Moussa, akasema, "Mutoe hapa. Mutembeze kwa mguu, mitaani, na hiyo kanzu yake nyeupe. Sitaki akae mu gari yangu."

Daktari wa mahakama alikuja, akapima, akaandika, akasema familia inaweza kumzika. Aliondoka haraka bila kunywa maji aliyopewa.

Ndipo wazee wakaanza kunong'onezana. Mwili ulikuwa haushikiki. Ngozi ilikuwa inaachia. Mmoja alisema Mungu haweki mzigo usiobebeka, wamfanyie tayamamu ya vumbi badala ya maji, inatosha. Mwingine alisema hata tayamamu, nani atamgusa? Vijana walioitwa kuleta jeneza walisimama nje ya lango wakidai mgongo unawauma. Mzee Hemedi mdogo hakuwa ameondoa mkono wa kanzu puani.

Leila alipita katikati yao. Alikuwa na ndoo mbili za maji na kipande cha khanga.

"Miye nitamuosha."

"Leila," mmoja wa wazee alianza, "Sefu alisema kama Yunus ali..."

Wote walikuwa wanaliangalia turubai. Mtu aliyekuwa chini ya choo cha babu yake tangu Idi hakuwa amepanda mashua yoyote, wala kumwambia yeyote lolote.

"Sema, baba mudogo," Leila alisema. "Mbele ya hawa watu. Niko bibi yake, ao siko?"

Mzee Hemedi mdogo alishusha mkono kutoka usoni. Harufu ilimpiga, akafumba macho, akayafumbua.

"Uko bibi yake," alisema. "Mume anaoshwa na mke wake. Haki yako."

"Basi mushike pazia."

Walishika pazia, wazee wanne, pembe nne, nyuso zimegeuzwa nje. Odile alisikia maji yakimwagwa taratibu, bila kusugua. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, alimsikia Leila akilia, kwa sauti, kwa jina la mume wake, na mtaa mzima ukamsikia pia.